Jina Nililolifuta

Kasulu, Oktoba 2015

Mwanangu Zaituni,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naijua: uko chumba cha pili na nakusikia ukigombana na zipu ya begi. Mama yako anakwambia upunguze viatu, wewe unamwambia Dar ni mbali. Mambo ya safari amekwisha kuyasema yeye yote, tangu nauli ya kuficha ndani ya soksi mpaka namna ya kumwamkia shangazi yako wa Mbagala. Mimi sina la kuongeza, na hata ningekuwa nalo mama yako angelisahihisha.

Nimekaa huku mbele, dukani, nimeshusha mlango. Naandika kwa kalamu. Ningeweza kuchapa, lakini mambo ninayotaka kukwambia yalifanyika kwenye kompyuta hii iliyo mbele yangu, na leo sitaki kuigusa.

Nina jambo moja, nalo ni la aibu. Ile karatasi ya matokeo ya Bukuru, yule binti wa darasa la sita aliyeachishwa shule kwa sababu ya kosa la programu yako, uliyonipa mwaka jana nimpelekee Kibondo, sikuipeleka. Uliponiuliza nilisema nimempa mkononi. Ukaniuliza amesemaje, nikasema amefurahi sana. Ukacheka, ukaenda kumsaidia mama yako kupika. Nilikudanganya, Zaituni, tena kwa madoido.

Ukiishia hapo utadhani ni uongo mmoja tu. Ngoja nirudi nyuma kidogo, maana uongo huu una wazazi wake.

Watu wakiniuliza duka hili lilianzaje huwa nasema lilianza kwa jasho. Jasho lilikuwepo, sikatai, lakini lilianza kwa msasa. Nilipokuwa kijana, Kibondo ilijaa wakimbizi kutoka Burundi, na msaada wao ulikuja kwa malori: mahindi, mablanketi, mafuta ya kula kwenye makopo makubwa ya bati. Kila kopo lilikuwa na maandishi ya Kiingereza kwamba mafuta haya ni zawadi, hayauzwi. Mkimbizi akihitaji chumvi au sabuni alikuja kubadilishana na sisi. Mimi nilikaa nyuma ya kibanda na msasa na kitambaa chenye mafuta ya taa, nikisugua maandishi mpaka bati ling'ae. Kila mtu sokoni alijua yametoka wapi, lakini maadamu maandishi hayapo, hakuna aliyekuwa na la kusema.

Kazi ile ilinitia maradhi mawili kichwani. La kwanza, nilianza kuamini kwamba kitu cha bure ni cha mtu aliyeshindwa. Niliwaona watu wazima, wengine walimu, wengine wameacha ng'ombe kwao, wamepanga foleni kwa ajili ya kopo, na badala ya kuwaonea huruma niliapa kwamba mimi na wanangu hatutashika cha bure. La pili, nilijifunza kwamba cha bure ukikifuta maandishi kinauzika. Nilioa nikiwa na maradhi hayo, nikahamia Kasulu nayo, nikafungua duka hili la kuchapa na kutoa fotokopi, na nikakulea wewe nayo.

Kisha ukaja mwaka ule uliomaliza kidato cha nne, ukawa nyumbani unasubiri matokeo. Nilikuwa nimekuachia ile kompyuta ya pili, ile iliyokuwa ikizimika ovyo, maana wateja waliikataa. Ndipo alipoanza kuja Papa Faustin, yule mwalimu Mkongo wa kambi ya Nyarugusu, mrefu, mwenye shati la mistari. Alikuwa akitoka na kibali chake kuja kutoa fotokopi za mitihani ya shule ya kambini. Alikukuta unafungua folda moja baada ya nyingine ukitaka kujua mashine inafikirije. Wiki iliyofuata akaja na diski ndani ya bahasha ya kaki.

"Ma fille, binti yangu," akakwambia, "hii ni Linux, ya kuendesha kompyuta. Bintu byote bya kuandikia programu biko ndani, hata livre, kitabu ya kujifunzia, iko ndani. Hauna lazima ya internet."

Nikadakia kutoka kwenye mashine ya fotokopi, "Bei gani?"

"Hii habauzishake, Papa. Ni ya kupatiana. Naye akishajua, atapatia mwengine."

Haiuzwi. Neno lile lile la kwenye kopo, linatoka mdomoni mwa mkimbizi, linakuja mezani kwa mwanangu. Nilisikia joto masikioni. Nikakuacha uichukue kwa sababu wateja walikuwapo, lakini moyoni nilikwisha kuikataa.

Nilipokwenda Kigoma kununua karatasi nikakutafutia ya kwangu. Muuzaji aliniambia hiyo ndiyo programu ya kutengenezea programu wanayotumia makampuni makubwa, na kwamba ya halali bei yake ningeuza duka. Yeye alikuwa na nakala ya wizi. Nikainunua, nikarudi nayo kifua mbele kama mtu aliyeleta nyama ya Idi, nikaiweka mezani kwako. "Ile ya mkimbizi itoe," nikasema.

Ulijaribu, nakupa haki yako. Siku tatu. Ikataka isajiliwe kwenye mtandao. Tukahangaika na modemu, tukaitoa mpaka uani kwenye kamba ya nguo kutafuta mawimbi. Ikataka namba za kufungulia. Tukaiandikia zilizokuwa kwenye jalada, ikazikataa. Siku ya nne nikakukuta umerudi kwenye diski ya Papa Faustin. Naye mwenyewe siku hiyo alikuwa amesimama pale kaunta anapanga karatasi zake.

"Baba, si kwamba yako ni mbaya," ulisema. "Ila imefungwa. Nikikosea inaniambia tu nimekosea. Hii nyingine naifungua, naona wenzangu waliandikaje, najua nimekosea wapi. Na hakuna niliyemwibia."

"Unaniita mwizi?"

"Sijasema hivyo, Baba."

"Mtoto wa mfanyabiashara hatumii vitu vya wakimbizi."

Nilisema kwa sauti ya kusikika. Papa Faustin akainamisha kichwa, akaendelea kupanga karatasi ambazo zilikuwa zimekwisha kupangika. Wewe, ambaye ulikuwa hujawahi kunijibu, ukanijibu: "Bibi akigawa mbegu za maharage kule Nyakitonto kila msimu, mbona humwiti mkimbizi?" Nikakwambia ufunge mdomo. Mwalimu wa watu akatia karatasi zake kwenye mfuko, akaniambia, "Haina neno, Papa," akatoka. Alikuja mara mbili tatu tena, akawa ananisalimu kama kawaida, mpaka nikasikia amepelekwa ng'ambo pamoja na familia yake. Sikumwomba radhi. Nilikuwa nangoja siku ambayo duka halina watu.

Miezi ile uliandika programu ya matokeo. Walimu wa shule za msingi walikuwa wanajazana hapa kila mwisho wa muhula na madaftari yao, tunawachapia majina na alama, wanajumlisha kwa kikokotozi, wanapanga nani wa kwanza nani wa mwisho, wanakosea, wanarudi. Uliwaonea huruma. Mimi niliona wateja tu. Ukaandika kitu ambacho mwalimu anaingiza alama tu, kikajumlisha, kikapanga nafasi, kikatoa karatasi ya kila mtoto. Kwa muda wa wiki nzima ulikuwa ukiniita: "Baba, njoo uone." Nikija unanionyesha namna ya kufungua faili lenyewe, mistari yote iko wazi. "Hakuna siri, Baba. Hata wewe unaweza kubadilisha neno hapa, ukaona kinachotokea." Nilibadilisha "Jumla" nikaandika "Jumla Kuu". Ilipotokea kwenye kioo nilicheka kama mtoto mdogo.

Ukurasa wa mwanzo uliuandika hivi, na mimi naukumbuka kwa moyo kwa sababu nitakazozisema: "Programu hii ni huria. Itumie, ibadilishe, mgawie mwenzako. Ukikuta kosa, niambie. Zaituni, Kasulu."

Ukaenda kidato cha tano, shule ya bweni. Wiki haikuisha akaja mwalimu mkuu mmoja kuulizia kama kuna njia rahisi ya matokeo. Nikasema ipo. Nikafungua ile faili kama ulivyonifundisha, nikatafuta ukurasa wa mwanzo, nikafuta. Haikuwa kazi ya dakika moja, usidhani. Mara ya kwanza nilifuta pamoja na alama ya nukuu inayofunga maneno, programu ikagoma. Nilikaa hapa mchana kutwa, wateja nawaambia mashine ina tatizo, mpaka nikaipatia. Pale lilipokuwa jina lako nikaandika "MATOKEO BORA, DAR ES SALAAM". Nikampa mwalimu, nikamwambia imetoka Dar, ni ya kampuni, isinakiliwe. Baada yake nikawauzia wengine wanne.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikusema tu ni ya binti yangu. Wangelipa vilevile, na ningepata sifa. Nadhani nilidhani hawataamini kwamba kitu cha maana kinaweza kutoka kwa msichana wa Kasulu aliyetumia diski ya bure. Hapana, hiyo nayo ni kujipamba. Mimi mwenyewe ndiye nisiyeamini. Uliniita "njoo uone" wiki nzima, na sikuona.

Mwezi wa kumi mwaka huo huo, wewe uko shuleni, akaja mwalimu mmoja kijana wa shule nyingine. Akaniambia, "Mzee, ile programu inachanganya watoto wa jina moja. Nina Bukuru wawili, mmoja anachukua alama za mwenzake. Niwaambie wapi waliotengeneza?" Unajua mwenyewe mambo ya kwetu: pacha wa kwanza ni Bukuru, wa pili ni Ntoyi, awe wa kike awe wa kiume. Ukiita Bukuru mnadani wanageuka watu watano. Wewe hukuliwaza hilo ulipoandika, na hilo lilikuwa kosa lako, ulilikiri bila kubembelezwa. Lakini kosa lako lilikuwa na mlango wake. Uliandika "niambie", na mwalimu yule alikuwa anatafuta wa kumwambia. Mlango huo niliuziba mimi.

Nikamjibu, "Nitawaarifu Dar." Akashukuru, akaondoka. Yeye alikuwa mtu makini, alama za Bukuru wake alizipanga kwa mkono. Mimi ningeweza kukupigia simu kupitia matroni. Ningeweza kukwambia siku ya kutembelea wazazi, nilikuja na karanga na sabuni, tukakaa kwenye nyasi saa nzima. Lakini ningekwambia vipi bila kusema programu imefikaje mashuleni?

Mwisho wa mwaka, kwenye ile shule niliyoiuzia kwanza, karatasi zikatoka. Kulikuwa na Bukuru Yohana wawili darasa la sita, mvulana na msichana, baba zao majina yamegongana. Alama za mvulana, ambaye alikuwa wa tatu kutoka mwisho, zikakaa kwa wote wawili. Msichana akapeleka karatasi nyumbani kwao Rungwe Mpya. Alilia, akamwambia baba yake kwamba si yeye. Baba huyo, Yohana, akaenda kuuliza shuleni, akaambiwa haya yametoka kwenye kompyuta, na kompyuta haikosei. Basi Januari pacha wake Ntoyi, wa kiume, akarudi darasani, na yule binti akapelekwa Kibondo kwa shangazi yake kuosha vyombo mgahawani.

Hayo wewe uliyajua Juni iliyofuata, ulipokuwa likizo. Yule mwalimu mkuu alikuja hapa amekasirika, ameshika daftari la zamani la alama na karatasi ya yule binti mkononi. Alikuwa amegundua alipokuwa anapanga makabati. Ulikuwa umekaa pale pale ulipozoea. Akauliza hawa watu wa Dar ni watu gani.

Nikanyoosha kidole. "Hiyo ni ya huyu binti, Mwalimu. Aliitengeneza kwa vitu vya bure, na vya bure ndivyo vilivyo."

"Si ulisema imetoka Dar?"

"Ilipitia Dar," nikasema.

Naandika hapa na uso unanichoma. Palipokuwa na sifa nilifuta jina lako. Palipokuwa na lawama nikalirudisha, tena haraka, bila kukosea hata alama moja ya nukuu.

Ulisimama, ukasema, "Ni kosa langu, Mwalimu. Nisamehe." Ukaomba flashi yake, ukafungua faili. Nilikuwa nimesimama nyuma yako nikaona ulichokiona: ukurasa wa mwanzo, MATOKEO BORA kwa herufi kubwa. Ulijua papo hapo. Uligeuka ukanitazama mara moja tu, kisha ukaendelea kuandika. Mwalimu hakuona kitu. Mpaka adhuhuri ulikuwa umerekebisha, kila mtoto anajulikana kwa namba wala si kwa jina, ukachapa karatasi mpya ya Bukuru kwa alama zake za kweli zilizokuwa kwenye daftari. Alikuwa wa nne kati ya wanafunzi sitini na kitu. Wiki ile ukazungukia zile shule nyingine kwa bodaboda, na hukuniuliza programu ilifikaje kwenye shule zote tano. Hujawahi kuniuliza mpaka leo. Ulinisitiri, mwanangu, na mimi nikajifanya sijui kwamba nimesitiriwa.

Ulitaka kwenda Kibondo mwenyewe. Mama yako akasema huendi peke yako, na mwalimu mkuu akasema yeye atamwona Yohana, lakini Yohana alikuwa amehamia mashambani mbali na haikuwa rahisi kumpata. Mimi nilikuwa naenda Kibondo kila mwezi. Ukanipa karatasi ndani ya bahasha. "Baba, umpe yeye mwenyewe. Si shangazi yake."

Nilikwenda, hilo ni kweli. Niliuliza njia, nikafika mpaka kwenye ule mgahawa. Yule binti alikuwa nje amechutama kwenye karai, mikono imejaa povu, anaimba. Shangazi yake akanikaribisha: "Karibu, Mzee, kuna chai na maandazi." Bahasha ilikuwa mfukoni mwa koti. Nikaangalia mikono ile, nikafikiria maneno ya kuanzia, kila neno lilianza na "mimi". Nikauliza fundi cherehani anakaa wapi. Wakanielekeza. Nikaenda kweli mpaka kwa fundi cherehani, nikasimama mlangoni kwake kama mjinga, kisha nikapanda gari nikarudi. Na nyumbani nikakupa ile hadithi ya furaha.

Kila mwezi baada ya hapo nilipita njia nyingine nikifika Kibondo. Bahasha ikakaa kwenye droo ya chini, chini ya wino.

Ningependa kukwambia kwamba dhamiri ilinisuta nikaamka. Haikuwa hivyo. Wiki iliyopita mama yako alikuwa anatafuta cheti chako cha kuzaliwa, akavuta droo, akaikuta. Akaifungua, akaisoma. Asubuhi aliiweka mezani kando ya kikombe changu, akakaa mkabala nami, akanywa chai yake mpaka ikaisha. Hakusema neno. Unamjua mama yako: akigomba kuna nafuu. Kesho yake nikapanda gari la kwanza la Kibondo.

Nilimkuta anafuta meza. Amerefuka. Nikamwamkia, "Mwakeye," akaitikia, akaleta chai kabla sijaagiza. Nikamwomba akae, akamtazama shangazi yake, akakaa kwenye ncha ya benchi. Nikasema kila kitu vibaya, mambo ya mwisho nikayaweka mwanzo. Kisha nikampa karatasi.

Aliisoma polepole, kidole kikipita kila somo. Hisabati alirudia mara mbili. Nilitegemea atalia au atanitukana, na nilikuwa tayari kwa yote mawili. Akasema tu, "Nilisema."

"Ulisema nini, mwanangu?"

"Nilimwambia baba. Nilimwambia sikufeli. Akasema kompyuta haikosei." Akarudisha kidole kwenye Hisabati. "Halafu na mimi nikaamini kwamba nilifeli."

Chini ya karatasi kulikuwa na ule mstari wako, maana ulikuwa umeurudisha ulipochapa upya. Akausoma kwa sauti: ukikuta kosa, niambie. "Zaituni ni nani?"

"Ni binti yangu. Ndiye aliyeitengeneza, na alipojua kosa alilirekebisha siku ile ile. Karatasi hii alinipa nikuletee mwaka jana. Niliificha mimi."

"Kwa nini?"

"Niliona aibu."

Alinitazama kama mtu anayejaribu kuelewa hesabu. Kisha akaikunja karatasi mara nne, akaitia ndani ya blauzi, akainuka, akaniuliza kama naongeza chai. Hakunisamehe, na sikumwomba. Nilikunywa chai ile ya pili kwa shida.

Mwalimu mkuu nimekwisha kumwona, nikamweleza ukweli wote, na wa Dar nikamwambia hawajawahi kuwepo. Amesema atampokea Januari darasa la saba, akae na watoto wadogo kuliko yeye. Yohana nimempata kwa simu ya jirani yake. Alikata nilipofika katikati, na nitakwenda mwenyewe mashambani Jumamosi. Bukuru hajasema ndiyo. Shangazi yake anasema amezoea kazi. Sijui itakuwaje, na sitakudanganya tena kwamba amefurahi.

Sikuandikii haya ili uondoke na mzigo. Nakuandikia kwa sababu kesho pale stendi utanishukuru mbele za watu kwa kukusomesha, nakujua, na siwezi kubaki na shukrani hiyo huku hujui. Wahenga walisema mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, basi nawe usiniambie pole. Nikasirikie kadiri utakavyo. Mwaka mzima umenitunzia heshima yangu, na mimi mwaka huo wote nilikuwa napita njia nyingine.

Huko chuoni uendako watakufundisha na programu zile za kulipia, na pengine kazini utalazimika kuzitumia. Hilo sina ushauri nalo, wewe wajua kuliko mimi. Nakumbuka tu ulivyoniambia siku ile kwamba yako unaipenda kwa sababu ukikosea unaona ni wapi. Mimi nilipenda vitu vilivyofungwa, na sasa najua nilivipendea nini. Kwenye kitu kilichofungwa hakuna anayeona ulichofanya.

Diski ya Papa Faustin nimeikuta kwenye kabati, bado iko ndani ya bahasha yake ya kaki. Usiku ukilala nitaitia kwenye begi lako pamoja na barua hii, chini ya kanga alizokupa bibi yako. Ukikutana na mtu wa kumgawia, mgawie. Na kompyuta ya dukani, ukurasa wa mwanzo nimeurudisha kama ulivyouandika. Nilikosea alama ya nukuu tena. Nikaitafuta mpaka nikaipata.

Zipu naisikia imekubali. Mama yako anacheka. Naomba ukishasoma usinipigie simu kunifariji. Nipigie unihesabie nilichosahau kukiri, maana nina hakika kipo, na nina hakika umekiona.

Ukikuta kosa, niambie.

Baba yako, Kasulu.